Koti Lisilokauka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, nguo zote zikiwa kambani. Mimi na mdogo wangu tulikimbizana nazo kama watu wanaofukuza kuku, na bado shuka za nyumba ya wageni zimelowa upya. Mdogo wangu kasema bora tungeuza sabuni badala ya kuitumia. Nimemwambia auze mdomo wake, huo hauishi.

Habari ya mjini ni moja tu. Askari wetu wanarudi Jumamosi. Waliondoka kumi na tisa. Wanarudi kumi na wawili, mmoja bado yuko hospitali ya jeshi na mguu mmoja, na sita hawarudi. Mwanangu yumo katika hao sita.

Barua yao naiweka kwenye droo ya vifungo. Nimeisoma hadi imeanza kutoboka kwenye mikunjo. Inasema alipigwa risasi kifuani akimkabili adui na akafa papo hapo. Nimejishikiza kwenye hilo neno moja, kifuani. Hakukimbia. Mtoto wangu hakukimbia.

Mwuza nyama ndiye mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Alijichagua mwenyewe, na nani abishane na mtu mwenye kisu mkononi? Ameleta vitambaa vya meza na bango kubwa la kitambaa lililoandikwa KARIBUNI NYUMBANI MASHUJAA WETU. Akaanza, "Mama, tunaomba hivi vitu viwe..." Nikamwambia, "Viwe vyeupe kufikia Ijumaa. Nenda." Mdogo wangu ananicheka, anasema nina ugonjwa wa kuwamalizia watu maneno. Ni kweli ninao. Nimekaa miaka ishirini na sita mlangoni hapa nikipokea nguo chafu, na watu wanasema yale yale.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Bango limetandazwa juu ya jiko, linanuka moshi. Hakuna kilichokauka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi nyumbani na damu ya mtu kwenye kilemba changu, na ni damu ya mapokezi.

Mji mzima ulijipanga kuanzia kituo cha mafuta hadi uwanja wa shule. Bendera za karatasi zilikuwa zinachuja rangi kwa mvua, mikono ya watoto yote ikawa myekundu. Lori lilipoingia watu walipiga vigelegele hadi koo zikakauka. Nilijikuta nahesabu wanaoshuka, kana kwamba jeshi lingeweza kukosea likashusha kumi na watatu. Halikukosea.

Kinyozi wetu, mtu mpole ambaye hata nzi anamwomba radhi, alimwona mpwa wake katika mstari. Furaha ikamzidi, akamzunguka kwa nyuma na kumkumbatia. Hilo tu. Yule kijana alirusha kiwiko bila kugeuka, kinyozi akaenda chini, na kabla hajatulia matopeni buti lilikuwa limeshamfikia usoni mara tatu. Nilisikia pua ikivunjika. Mpwa alipoona ni nani aliyelala pale alisimama tu, mikono imening'inia, akimtazama kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Mimi ndiye niliyevua kilemba nikamkandamiza kinyozi usoni.

Bendi haikuacha kupiga. Mwuza nyama alishika kipaza sauti akasema, "Mmewaona wanaume wetu walivyo moto?" Watu wakacheka na kupiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ikiwa na damu. Naandika hili ili nisije nikajifanya nimesahau.

Sajini wao, yule aliyekuwa bondia wa mtaa wa juu, alikuwa kaegemea lori akitafuna njiti. Hakumwambia mtu pole. Mwisho wa mstari alisimama Kigugumizi, mtoto wa mwoka mikate, akinitazama mimi. Alikuwa rafiki wa mwanangu tangu darasa la kwanza. Tangu utotoni maneno humkwama kooni, na mwanangu ndiye aliyekuwa anamngojea amalize. Mimi sikuwahi kuwa na muda huo. Leo nilidhani anaona haya kwamba yeye yu hai. Nikamchukia kidogo kwa hilo, halafu nikajikemea.

Jumapili, 9 Machi

Wamelala kutwa. Watu wanatembea barabarani kwa kunyata kama kuna mgonjwa kila nyumba.

Jumatatu, 10 Machi

Sare zote zimeletwa kwangu. Jumapili ijayo kuna gwaride la shukrani na mwuza nyama anataka zing'ae. Nimempa kila mmoja kikaratasi chake cha namba, nikiendelea pale namba za wateja wengine zilipoishia, na kingine nimekibana kwenye nguo, maana makoti ya jeshi yamefanana kama mayai.

Kigugumizi alikuja mwisho, wenzake wakiwa wameshaondoka. Alikuwa amelikunja koti moja vizuri mno, kama kitu cha dukani, amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni-nimekuletea hi-hili koti. Ni la... ni la..."

"La gwaride, Jumapili. Najua, kama wenzako wote. Haya, lete, namba yako kumi na saba."

Akanitazama. Akakitazama kikaratasi. Nilikuwa na rundo hadi kiunoni na maji yanachemka, nikamsukumia mkononi. Akakipokea akaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Sijui kama nitaweza kuandika haya sawasawa.

Hapa kwangu kila nyumba ina alama yake ndani ya ukosi, rangi ya uzi na idadi ya mishono, ili nguo za watu zisichanganyike. Nyumba ya wageni ni buluu, mishono miwili. Mwuza nyama nyekundu, minne. Nyumba yangu ni kijani, mishono mitatu na mmoja umekingama juu yake. Mjini hapa hakuna mwingine mwenye uzi wa kijani. Siku mwanangu alipopewa sare niliitia alama hiyo, akanicheka sana. "Mama, vitani hakuna dobi."

Leo nimeligeuza ukosi koti namba kumi na saba ili nisugue. Kijani. Mitatu, na mmoja umekingama.

Nilikaa chini, kwenye maji. Mdogo wangu alidhani nimeteleza.

Kisha nililikagua kama ninavyokagua nguo yoyote. Mgongoni kuna matundu mawili, moja chini ya bega la kushoto, la pili karibu na uti wa mgongo. Kati yake upana wa vidole vyangu vinne. Mtu asiyejua kushona ameyavuta kwa uzi mweusi. Ndani, bitana imekakamaa kwa damu ya zamani, imeshuka kutoka kwenye matundu hadi kiunoni. Damu naijua. Maji ya moto huipikia ndani ya nguo, inataka baridi, chumvi na mikono. Hii ilitoka kwa mtu aliyekuwa amelivaa.

Na mbele hakuna kitu. Kifuani koti ni zima.

Barua inasema kifuani. Koti linasema mgongoni. Na aliyelileta kwangu ni yule aliyekuwa anakaa nyuma ya mwanangu tangu darasa la kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimelifua kwa maji baridi mara tano. Nimefumua ule uzi mweusi na kuyashona matundu upya, sijui kwa nini, mikono imefanya yenyewe. Limetundikwa peke yake nyuma ya jiko. Halikauki.

Mdogo wangu anasema, "Dada, muulize kwanza. Na ukimuuliza, mwache mtu amalize."

Alhamisi, 13 Machi

Askari watatu wamempiga mwenye nyumba ya wageni kwa viti vyake mwenyewe. Kosa lake ni kuuliza watalala hadi lini. Wamemvunja mbavu mbili. Shuka zake zimekuja kwangu na meno ndani yake. Nimeyafunga kwenye karatasi nikampelekea. Alinishukuru, maskini, kama nimemrudishia kifungo.

Ijumaa, 14 Machi

Kigugumizi amekuja. Nililitandika koti mezani kabla hajafungua mdomo, nikamwonyesha uzi wa kijani.

"Hili umelipata wapi?"

"Ma-mama, tu-tulikuwa..."

"Mlikuwa wangapi mliomvua?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Ha-hapana. Ye-yeye a-ali..."

"Alikuwa ameshakufa, hana haja nalo. Si ndivyo? Au wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake?"

Mishipa ya shingo ilimtoka, mdomo ukawa unatafuna hewa. Hakikutoka kitu. Nilimwona analia na nikaona ni machozi ya mwizi. Nikamrushia beseni la maji ya sabuni, maji na beseni lenyewe. Lilimpata kwenye paji la uso na kumchana. Hakujikinga.

Nilisikia raha. Hilo nalo naliandika.

Jumapili, 16 Machi

Gwaride. Mwalimu mkuu alisimama kusoma majina ya wale sita ambao hawakurudi. Alifika jina la tatu, la mwanangu. Sajini akapanda jukwaani na kumnyang'anya kipaza sauti, akaanza kumpiga nacho. Hakuna aliyekizima. Kila pigo lilitoka kwenye spika zote nne, mji mzima ukalisikia, hadi wagonjwa vitandani: mfupa, mfupa, halafu kitu chenye majimaji. Watu elfu moja na hakuna aliyeinua hata mwavuli.

Mtoto wa kiume wa mwuza nyama, aliyekuwa anashika waya za spika, alimvuta Sajini kwa mkono. Sajini akamvunja taya kwa ngumi moja. Mwuza nyama alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Alitazama viatu vyake.

Hakuna aliyepiga makofi leo. Tumerudi nyumbani kila mtu na njia yake.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kigugumizi amesimama chini ya varanda yangu tangu saa mbili hadi saa sita, na bandeji kwenye paji la uso. Sikutoka.

Ijumaa, 21 Machi

Amekuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Amenyoosha mkono dirishani. Nimeipokea na nimeitia kwenye moto wa jiko mbele ya macho yake, sikuifungua. Mdogo wangu ananinunia. Kasema nimekuwa mtu mwingine. Nimemwambia yeye hajazaa, hajui. Hilo sikupaswa kulisema.

Jumanne, 25 Machi

Mwuza nyama anakatakata nyama siku nzima, hata ile ambayo hakuna aliyeiagiza. Mtoto wake anakunywa uji kwa mrija. Wanaume wanakusanyika pale buchani, wanaongea polepole, Sajini akipita wananyamaza na kumsalimia. Akishapita wanakunja ngumi. Mji huu umejaa hasira kama beseni lililojaa hadi ukingoni na hakuna anayethubutu kulibeba.

Jumatano, 26 Machi

Sajini mwenyewe amefuata sare zake, alizozileta tena baada ya gwaride. Nikapiga moyo konde, nikamwonyesha koti.

Alitoa njiti mdomoni. Alitazama uzi wa kijani, akaweka vidole juu ya mishono yangu mgongoni, pale na pale. Muda mrefu. Kitu kilimpita usoni ambacho sikukielewa, nikadhani ni huruma.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Muulize Kigugumizi mwenyewe alilipataje."

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wao."

"Nimekwambia sikuwepo, mama." Halafu, akiwa mlangoni, "Ila risasi ya mgongoni mara nyingi hutoka kwa mtu unayemjua."

Basi. Hapo yakaniishia maswali.

Jumamosi, 29 Machi

Mdogo wangu amelala kwa dawa. Mimi nimekaa na daftari kwa sababu nikifumba macho naona.

Nilikwenda buchani saa nne asubuhi, siku ya soko, foleni ikiwa hadi barabarani. Nililichukua koti, bado bichi. Nililiinua juu mbele ya watu wote. Nilisema hili ni la mwanangu, alama yangu hii hapa, kapigwa risasi mgongoni, mbili, na aliyenijia nalo ni mtoto wa mwoka mikate. Sikusema zaidi ya hapo. Sikusema mpigeni. Lakini mimi ni mtu mzima na nilijua nimesimama mbele ya watu gani.

Mwuza nyama akauliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza kilo ngapi, "Yuko wapi sasa hivi?"

Alikuwa anakuja. Ndiyo ajabu yake. Alikuwa anakata kona na sinia la mikate ya mama yake kichwani. Watu waliokuwa wakimsalimia Sajini kwa wiki tatu nzima walimvamia huyu kwa pamoja, kama waliokuwa wamefungiwa chumba kimoja na mlango ukafunguka. Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na mbavu zake zilizofungwa. Alimpiga kwa jiwe la mizani. Mikate ikamwagika matopeni na watu wakaikanyaga. Kinyozi alikuwepo, na pua yake iliyokwenda upande, akipiga mateke na kulia. Wanawake walikuwepo. Mtu mmoja aliingia mbio kwangu, mlango wa tatu kutoka bucha, na kutoka na gongo langu la kupigia nguo, lile zito, na nikalisikia. Naujua mlio wake kwenye nguo bichi. Ulikuwa ule ule.

Yeye alikuwa anajaribu kusema. Wakati wote. "Tu-tu-tuli..." na wakampiga mdomoni. Akawa anatoa damu na bado mdomo unajaribu.

Sajini alikuwa ng'ambo ya barabara, kaegemea nguzo, anatafuna njiti yake. Neno lake moja lingewatawanya wote. Hakulisema.

Kisha mwuza nyama alimshika shati kwa nyuma amwinue, shati likapasuka hadi kiunoni, na mgongo wake ukanigeukia mimi.

Makovu mawili. Moja chini ya bega la kushoto, la pili karibu na uti wa mgongo. Ya mviringo, yamepona vibaya, rangi ya waridi. Sikuhitaji kupima. Nimeyashona yale matundu kwa mkono wangu mwenyewe. Vidole vinne.

Damu ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyekuwa ndani ya lile koti.

Nilipiga kelele. Nilisema acheni, nimekosea, acheni, ni yeye, ni yeye! Wakasikia "ni yeye." Nilimrukia mwuza nyama mgongoni, nikamng'ata sikio hadi nikasikia chumvi, akanirusha pembeni kama mfuko. Nilitambaa katikati ya miguu yao. Nilimfikia nikamlalia juu. Nilipigwa mara mbili au tatu kwa gongo langu mwenyewe kabla hawajaona ni nani, kisha wakaacha. Mikono ikawaishia nguvu. Wakaanza kutazamana.

Alikuwa anapumua. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu. Nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza nikamngojea. Alijaribu mara nyingi, lakini hapakuwa na meno wala pumzi ya kutosha.

Mtu akaleta bango la mapokezi wakambebea humo hadi zahanati.

Jumatatu, 31 Machi

Amekufa leo alfajiri. Mama yake alikuwa naye. Mimi nilizuiwa mlangoni, na walikuwa na haki.

Jumatano, 2 Aprili

Polisi alikuja na daftari. Alizunguka soko zima akiuliza nani aliona. Siku hiyo, inaonekana, mji mzima ulikuwa umelala. Mimi nilimwambia kila kitu, na yangu pia. Aliandika mistari miwili, akauliza kama naweza kumfulia koti lake la mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwuza nyama, sikio limefungwa pamba, ameniletea bango nilifue. Jumamosi anarudi yule wa hospitali, na kamati imeamua apokewe kama wenzake. Hakunitazama usoni na mimi sikumtazama. Maji baridi, chumvi. Neno MASHUJAA limegoma kutakata.

Jumamosi, 5 Aprili

Alikuja mwenyewe hadi kwangu, Mguu Mmoja, kabla hata ya kwenda kwao. Alikuwa ameshasikia njiani. Magongo yake yalikuwa yamejaa matope hadi juu. Alikataa kiti, kisha akakubali.

"Mama, nani alikwambia alimwibia?"

"Hakuna. Nilijimalizia mwenyewe."

Akasema koti la Kigugumizi liliungua na hema katika wiki ya pili, na halikuja jingine. Kule milimani baridi ilikuwa inaua watu bila risasi. Mwanangu akasema la kwake litatosha wawili. Wakawa wanalivaa kwa zamu: anayekwenda lindo analivaa, anayelala analala chini ya mablanketi yote mawili. Kikosi kizima kiliwacheka, kikawaita mume na mke. Wao hawakujali.

"Alfajiri ile zamu ilikuwa ya Kigugumizi. Aliwaona adui wanakuja. Kupiga kelele hakuweza, unamjua, neno halikutoka. Akakimbia kutuamsha kwa mikono, na mgongo akawa amewapa. Wakampiga mbili. Akafika hivyo hivyo, akamtingisha mwanao. Mwanao akaamka, akasimama mbele yake na shati tu. Ikampata hapa." Akajigusa kifuani. "Barua haikukudanganya, mama."

Niliuliza Sajini alikuwa wapi.

"Alikuwa ameshawasha lori. Tuliona taa zake za nyuma. Kigugumizi, na matundu yake mawili, alimburuta mwanao kwa kwapa hadi barabarani, na barabarani hapakuwa na lori. Tulimzika hapo hapo. Sote tuliambiwa tusiseme." Alipangusa uso. "Alisema koti atakuletea wewe. Hospitalini alijifunza sentensi moja miezi miwili, kila siku, ili asikwame. 'Nimekuletea hili koti, ni la mwanao.' Usiku na mchana. Tulikuwa tunamwambia nyamaza."

Nimekuletea hili koti. Ni la.

La gwaride, nilimwambia. Namba yako kumi na saba.

Jumatatu, 7 Aprili

Sajini hayupo. Wengine wanasema amehama, wengine wanasema mpwa wa kinyozi na wenzake watatu walimfuata njia ya mto. Njiti zake zilikutwa darajani, na buti moja. Polisi amepita tena kuuliza. Tulikuwa tumelala.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimekaa na koti mapajani. Mdogo wangu ameniletea chai, akakaa karibu nami. Nimemwomba radhi kwa lile neno. Alianza kunijibu na nikamngojea hadi mwisho.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua. Limetoka saa moja asubuhi bila wingu hata moja, na kufikia saa tano kila kitu kilikuwa kikavu, shuka, mapazia, hata bango lao. Koti nililianika uani peke yake. Lilipokauka nililipiga pasi taratibu, ukosi, mikono, mgongo. Nilikuwa nimeshalitafutia mahali kwenye sanduku langu. Nilijiambia ni la mwanangu, na aliyelileta alikuwa amelileta kwangu, na hilo ni kweli, lina shahidi.

Saa saba mlango ukagongwa. Mwoka mikate. Alikuwa na unga kwenye nyusi, kama kawaida yake. Hakusalimia. Aliweka mezani kikaratasi kilicholowa na kukauka, kimekunjwa, na kahawia pembeni. Kumi na saba.

"Kilikuwa mfukoni mwake," alisema. "Nimekuja kuchukua nguo ya mwanangu."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo yote, hadi kooni. Tazama alama, hiyo ni yangu. Alinipa mimi. Sina kingine cha mtoto wangu, hata kaburi lake silijui. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka, mishipa ikanisimama shingoni, na yeye akanitazama ninavyohangaika. Hakunisaidia.

Nikaenda ndani nikalileta. Aliligeuza. Alipitisha kidole kwenye mishono ya mgongoni, ule wa juu, ule wa chini, na nikaona kwamba na yeye anaujua umbali ule.

"Umeshona vizuri," alisema.

Akageuza ukosi, akauona uzi wa kijani. Mguu Mmoja alikuwa amepita kwake pia, ilionekana wazi. Alilikunja koti akalikumbatia kifuani, kama alivyolileta mwanawe.

Ndipo likanitoka, kwa shida, vipande vipande. "Wa-walikuwa... wakilivaa kwa zamu."

"Najua," akasema. "Zamu yako umeshamaliza."

Akaondoka nalo juani. Nimekipigilia kikaratasi kwenye msumari pamoja na vingine vya nguo zilizochukuliwa.